Hoja ya Mikono

Nilimsukumia Mkunga ile Misale kubwa, kitabu cha padre cha kuongozea misa, ikateleza juu ya meza na kusimama mbele ya kifua chake.

"Tusomee, Mama," nikamwambia. "Tuonyeshe palipoandikwa kwamba waumini washikane mikono wakati wa Baba Yetu. Mstari mmoja tu, nami nitakaa kimya."

Kilikuwa kikao katika ukumbi wa parokia. Tulikuwa watu ishirini na wawili tumezunguka meza nne zilizounganishwa, halmashauri nzima pamoja na Paroko, aliyekaa pembeni kidogo, ameshika kidevu. Mwenyekiti alikuwa kaka yangu. Mkunga alitoa miwani kwenye mkoba, akaivaa, akaweka kidole chini ya neno la kwanza. Alisoma kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe: neno moja, kisha kimya, anatafuta pa kuweka mguu wa pili. Maandishi mekundu, yale yanayomwelekeza padre afanye nini na mikono yake, yalikuwa madogo na yalimtesa zaidi.

"Pa-dre... a-na-nyo... a-na-nyosha..."

Mtu mmoja alicheka kwa pua. Mwingine akadakia.

Nilijua angekwama. Nimekwisha kujitafutia visingizio vya kila namna na vyote vimenikataa, kwa hiyo nasema kama ilivyokuwa: nilijua. Yule mama alikuwa amewazalisha wake wa nusu ya wanaume waliokaa pale mezani, mke wangu akiwa mmoja wao, mara tatu. Lakini shule aliiacha akiwa na miaka kumi. Ukunga alifundishwa na mtawa mmoja mzee katika zahanati, kwa kuonyeshwa na kushika, si kwa kusoma. Kusoma mbele za watu kulimtoa jasho, na jasho lile niliona linavyokusanyika juu ya mdomo wake.

Akavua miwani. Akanitazama, si kwa hasira, na kwa muda mrefu kuliko nilivyotazamia.

"Si kila jambo limeandikwa, mwanangu," akasema.

"Basi lisiloandikwa tusiwalazimishe watu kulifanya," nikajibu, na upande wangu wa meza ukapiga makofi.

Kura zilipigwa palepale. Kumi na saba walitaka desturi ya kushikana mikono ikome, wanne walitaka ibaki. Paroko hakupiga kura. Alisema yeye atafuata watakachoamua watoto wake. Jumapili iliyofuata tangazo likasomwa baada ya komunyo, nami nilikuwa nimekaa benchi la tatu, shingo imenyooka kama mtu aliyeshinda kesi ya shamba.

*

Mimi ni fundi wa kujalidi vitabu. Kazi hii niliirithi kwa baba pamoja na karakana yake: chumba kimoja kirefu chenye madirisha upande wa mashariki, mashine ya chuma ya kubania yenye gurudumu zito, meza ya kukatia, na harufu ya gundi ambayo haijatoka kwenye nguo zangu tangu utoto. Baba alifariki nikiwa na miaka kumi na mmoja. Kaka yangu alikuwa na ishirini, ndiyo kwanza ameanza kufundisha, na tangu siku hiyo yeye ndiye aliyenisomesha, kunichapa, kunifunga tai siku ya kipaimara, na kusimama upande wa baba siku ya harusi yangu. Mwandiko wangu ni wake. Alinishika kiganja akakiongoza juu ya karatasi mpaka herufi zangu zikalala upande uleule zinaolalia zake. Nikisema "Kaka", watu wengi hudhani namaanisha baba.

Misale na vitabu vya nyimbo vya parokia vilipochakaa vililetwa kwangu. Huwezi kushona kitabu bila kukisoma. Unapanga karatasi, jicho linadaka mstari, mkono unasimama. Ndivyo nilivyozifahamu taratibu za misa kuliko hata Katekista, mzee wetu mkali aliyekuwa akiwakaripia watoto kwa kupiga magoti vibaya. Watu walinijia na maswali. Nilipenda kuulizwa.

Nilikuwa na miaka thelathini na minane mikono yangu ilipoanza kuharibika. Kwanza viganja vilikauka, nikadhani ni gundi. Kisha ngozi ikawa nyekundu, ikapasuka kwenye mikunjo ya vidole, ikaanza kubanduka vipande vipande vyeupe kama magamba. Nilibadilisha gundi. Nikabadilisha sabuni. Mwishowe nikaenda hospitali, na daktari, kijana mpole mwenye kuongea polepole, akaniambia ni ugonjwa wa mwili kujishambulia wenyewe. Hautibiki ukaisha, unatulizwa tu, na haumwambukizi mtu yeyote. Alilirudia hilo la mwisho mara mbili. Niliporudi nyumbani nikamwambia mke wangu, nikamwambia Kaka, na sikuona sababu ya kuwatangazia wengine. Ningeanzaje? Nisimame baada ya matangazo ya ndoa niwaonyeshe viganja?

Katika parokia yetu watu walikuwa wakishikana mikono kwenye Baba Yetu kwa miaka mingi. Hakuna aliyekumbuka nani alianzisha. Wapo waliosema ni vijana wa kwaya, wapo waliosema ni padre fulani aliyepita. Ilikuwa tu ndivyo tunavyosali: padre anapoinua mikono, kila benchi linakuwa mnyororo.

Baada ya mikono yangu kuharibika, mnyororo ukaanza kukatikia kwangu. Haikuwa ghafla. Mmoja alinishika kifundo badala ya kiganja. Mwingine alishika ukingo wa mkono wa shati. Jirani yangu wa miaka mingi alianza kushika kitabu cha nyimbo kwa mikono miwili wakati ambao hakuna wimbo. Niliona, nikajitia hamnazo. Mtu anaweza kuona jambo na kulifunika papo hapo, kabla hajajiambia kwamba ameliona.

Kisha Jumapili moja Mkunga, ambaye siku zote alikaa benchi la mbele upande wa akina mama, alikuja akakaa karibu nami. Nilidhani amefuata dirisha, maana kulikuwa na joto. Ilipofika Baba Yetu aliuchukua mkono wangu wote, kiganja kwa kiganja, akaubana kama mtu anayemsaidia mwenzake kupanda ngazi. Sala ilipokwisha aliuachia, na nikaona vumbi jeupe la ngozi yangu limebaki mkononi mwake. Hakujifuta. Aliacha mkono umelala mapajani, wazi, mpaka misa ikaisha.

Nilitamani ardhi ipasuke. Badala ya kumshukuru nilimkasirikia. Kila Jumapili alikuja, kila Jumapili alinishika, na kila Jumapili nilisali sala nzima nikifikiria ngozi.

*

Kaka alikuja karakana alasiri moja, akakaa kwenye kiti cha wateja, akavua kofia. Alizungumzia hali ya hewa, watoto, mgongo wake. Kisha akasema, "Mdogo wangu, hili jambo la kushikana mikono misani. Limeandikwa mahali?"

Nikamwambia halijaandikwa. Kitabu kinamwelekeza padre. Waumini hawakuambiwa wafanye nini na mikono.

"Nilidhani hivyo," akasema. "Kuna watu linawakera. Wanalazimishwa. Mtu amekwenda kusali, anashikwa na asiyemjua." Alizungusha kofia magotini. "Mimi ni mwenyekiti, siwezi kulianzisha. Linataka mtu anayesoma. Mtu ambaye akisema, watu wanasikiliza. Parokia nzima, kama si wewe, nani?"

Alinivika kilemba cha ukoka, nami nikainamisha kichwa ili kikae vizuri.

Miezi mitatu iliyofuata ilikuwa ya furaha kubwa kwangu. Nilisoma kila nilichoweza kupata. Niliandika hoja kwenye madaftari. Nilisema sala ile inaelekezwa kwa Baba, si kwa jirani. Kwamba umoja wetu kilele chake ni komunyo, na ishara nyingine isiwekwe mbele yake. Kwamba ibada ni ya Kanisa zima na parokia moja haina ruhusa ya kuiongezea vionjo. Kwamba mjane anayetaka kukunja mikono yake akalia kimya ana haki ya kuachwa alie. Hili la mjane liliwagusa wengi. Wenzetu wa upande wa pili nao walikuwa na lao: hatusemi "Baba yangu", walisema, tunasema "Baba yetu", na ndugu wasioweza kushikana mikono wanamwitaje baba mmoja? Ilikuwa hoja nzuri. Niliiheshimu hata nilipoipinga.

Parokia iligawanyika. Mabenchi ya kushoto yalishikana, ya kulia yalikunja mikono, ya katikati yalitazama huku na huku. Fundi bomba mmoja aliulizwa yuko upande gani akasema yuko pande zote mbili: mkono wa mke wake ataushika, wa mama mkwe hapana. Tulicheka. Nilirudi nyumbani nikicheka mwenyewe njiani.

Siwezi kusema uongo: hoja ile ilinifaa. Ikishinda, nisingeshikwa tena. Hilo nililijua, mahali fulani chini kabisa, na nililiwekea vitabu juu. Lakini hoja yenyewe niliiamini. Naiamini hata leo, na hapo ndipo maumivu yangu yanapoanzia, maana ingekuwa ya uongo ningeitupa nikapumzika.

Baada ya kura Mkunga alikuja kwetu Jumapili tatu zaidi. Alikaa palepale karibu nami, mikono ameikunja kama tangazo lilivyosema. Ya nne hakuonekana. Tulisikia anasali parokia ya ng'ambo ya reli, mwendo wa saa nzima kwa miguu yake. Watu walinipongeza mpaka mlangoni mwa kanisa. "Hongera, fundi! Umetufungua macho, fundi!" Baadaye sana ndipo nilipokumbuka kwamba wote walinipongeza kwa mdomo. Hakuna hata mmoja aliyenipa mkono.

*

Miaka miwili ikapita. Parokia ilikuwa inatimiza miaka hamsini, na halmashauri ikaamua kumbukumbu zake zote zijalidiwe ziwekwe ofisini. Karani wa parokia akaniletea masanduku matatu ya karatasi. Ilikuwa kazi ya kutulia, ninayoipenda: unapanga kwa tarehe, unatoa pini zilizoshika kutu, unanyoosha mikunjo, unatoboa, unashona.

Jumanne moja, saa nne hivi asubuhi, nikiwa katika sanduku la pili, nilikuta barua imekunjwa mara nne katikati ya kumbukumbu za kamati ndogo, ile ya watu watano inayoandaa mambo kabla hayajafika halmashauri. Niliinyoosha kwa mfupa wa kukunjia karatasi kama ninavyozinyoosha zote. Jicho likadaka neno "fundi".

Ilikuwa barua ya waumini kumi na wanne kwenda kwa Mwenyekiti. Walisema hawana neno nami kama mtu, ila wana watoto. Walisema ugonjwa wangu unaonekana wazi na hakuna ajuaye asili yake. Waliomba moja kati ya mambo mawili: nishauriwe kukaa nyuma karibu na nguzo, peke yangu, au desturi ya kushikana mikono isitishwe kwa wote. Chini zilifuata sahihi. Ya kwanza ilikuwa ya shemeji yangu, mke wa Kaka. Ya sita ilikuwa ya jirani yule wa kitabu cha nyimbo. Ya kumi na moja ilikuwa ya mtu ambaye Biblia ya familia yao niliishona mwezi huohuo, kwa mikono hiihii, akaipokea na kuibusu.

Pembeni, kwa wino, katika herufi zilizolala kulia kama zangu, Kaka alikuwa ameandika: *La kwanza litamuumiza. Tuchukue la pili, kwa njia ya liturujia. Hoja ailete yeye mwenyewe. Akiileta yeye hakuna atakayeuliza sababu.*

Nikatafuta kumbukumbu za kikao chenyewe. Zilikuwa nusu ukurasa. Wanne walikubali. Mjumbe mmoja alipinga. Karani aliandika maneno yake kama alivyoyasema, pengine kwa kuwa yalimshangaza: *Mama Mkunga amesema ugonjwa hauambukizi, watu waambiwe hivyo altareni, na kama hawataki kuambiwa yeye atakaa naye.* Kisha: *Wajumbe wamekubaliana jambo hili lisitoke nje, kwa heshima ya mhusika.*

Nilitazama tarehe. Kikao kilifanyika siku kumi na moja kabla Kaka hajaja kukaa kwenye kile kiti na kunizungumzia hali ya hewa.

Sikulia. Niliendelea kunyoosha karatasi zilizofuata, moja baada ya nyingine, mpaka nikagundua nimenyoosha ileile mara tatu. Mkunga alikuwa anajua. Pale mezani, nilipomsukumia kitabu na kumtaka asome, angeweza kufungua mkoba wake na kunimaliza kwa sentensi moja. Watu walimcheka, naye akanyamaza ili mimi nisimame wima.

*

Mke wangu alikuwa anakunja nguo kitandani. Nilimwekea barua juu ya rundo la mashati. Aliitazama bila kuigusa, wala hakuuliza ni nini. Hapo nikajua.

"Ulijua," nikasema.

"Mke wa kaka yako aliniambia. Aliniletea na karatasi niweke sahihi, nikamfukuza." Alichukua shati, akalikunja, akalikunjua tena. "Sikuweka sahihi, Baba watoto. Hilo naomba ulijue."

"Lakini hukuniambia."

"Nilitaka. Kila siku nilisema kesho." Alikaa ukingoni mwa kitanda. "Ulikuwa unarudi nyumbani unaimba. Tangu mikono ianze sikuwa nimekusikia ukiimba. Ulikuwa na furaha, mume wangu. Ningekuambia nini? Kwamba furaha yako wamekutengenezea?"

Nilitoka nje nikasimama uani. Ya Kaka niliweza kuyaita kwa jina lake. Haya ya mke wangu sikuyapatia jina. Alikuwa amenitazama miezi mitatu nikijiandaa, nikimsomea hoja zangu wakati anapika, nikimwuliza, "Hii imekaaje?" na yeye akanijibu, "Imekaa vizuri."

Kesho yake nilikwenda shuleni kwa Kaka. Wakati huo alikuwa mwalimu mkuu, ana ofisi yenye kapeti na ratiba kubwa ukutani. Nilifunga mlango, nikaweka barua mezani. Aliisoma yote, hata maandishi yake mwenyewe, kana kwamba anasahihisha insha.

"Hii haikupaswa kuwa kwenye masanduku," akasema.

"Hilo ndilo la kwanza kuniambia?"

"Kaa, mdogo wangu."

"Nitasimama."

Akavuta pumzi. "Nilikuokoa. Walitaka kukuweka kwenye nguzo kama mtu wa ukoma. Ungependa hivyo? Nilitafuta njia ambayo usingeaibika. Na hukuaibika. Ulitoka pale umebebwa juu juu."

"Ungeweza kusimama ukawaambia hauambukizi. Wewe ni mwalimu. Wewe ni mwenyekiti. Nilikuambia alichosema daktari, neno kwa neno."

"Wasingeamini. Wangehama parokia."

"Basi wangehama wao!" Nilisikia sauti yangu ikigonga kioo cha dirisha. Nje watoto walikuwa wanacheza. "Aliyehama ni Mkunga. Mtu pekee aliyesema ukweli ndiye aliyehama, na mimi ndiye niliyemfukuza, kwa mdomo wangu, kwa kazi uliyonipa."

Alipanga kalamu zake. Nyekundu, bluu, nyekundu. Alikuwa amezeeka; kwa mara ya kwanza niliona jinsi kola ya shati ilivyokuwa kubwa kwenye shingo yake.

"Na wewe, Kaka," nikasema, polepole sasa. "Mara ya mwisho kunishika mkono ilikuwa lini?"

Alifungua mdomo. Naamini alikuwa anatafuta kweli. Naamini alirudi nyuma mwezi kwa mwezi, sikukuu kwa sikukuu. Kisha kengele ikalia, na akasema ana kipindi.

*

Mkunga nilimkuta nyumbani kwake, mlango wazi, anashona foronya. Nilimwamkia, akaitikia, akanionyesha kiti. Nilikuwa nimejiandalia maneno njiani, marefu, yenye mpangilio, na nilipokaa yote yakaniishia. Nikasema tu, "Mama, nimeiona barua."

"Aa," akasema. Akaendelea kushona mpaka mwisho wa upande ule, akafunga fundo, akakata uzi kwa meno. "Nilikuwa najiuliza kama utaiona siku moja."

"Kwa nini hukusema? Siku ile mezani. Ungesema."

"Ningesema ili nishinde?" Alitikisa kichwa. "Ulikuwa umesimama vizuri. Sikuwa nimekuona umesimama hivyo kwa muda mrefu."

"Nisamehe, Mama."

Aliikunja foronya iliyokwisha. Nilidhani angesema yale ambayo wazee husema, kwamba yamepita, kwamba tusiyakumbuke. Hakuyasema.

"Mambo ya mikono hayakuniuma," akasema. "Watu wanaweza kusali wamekunja, wanaweza kusali wameshikana, Mungu hana shida. Huku ninakosali wengine wanashika, wengine hawashiki, na hakuna anayemwuliza mwenzake. Kilichoniuma ni kitabu. Ulinipa kitabu nisome ukijua."

"Nilijua."

"Ndiyo. Nilitaka nisikie ukisema." Akachukua foronya nyingine. "Nimekusamehe siku nyingi, mwanangu. Kurudi kule ni jambo jingine. Nimeshazoea huku." Kisha akanyoosha kidole kuelekea kwangu, kwa sauti yake ile ya kazini. "Hebu leta hiyo mikono niione. Mafuta unapaka? Unapaka kabla ya kulala au ukikumbuka tu?"

Nikamwonyesha. Aliigeuza, akaibonyeza, akaniambia nivae glavu za pamba kila ninapokwenda kulala na niache kuosha kwa maji ya moto. Nilipoondoka hakunisindikiza mpaka njiani kama alivyokuwa akifanya zamani. Alinyanyuka mpaka mlangoni, basi.

Barua ile niliishona mahali pake, kwa tarehe yake, kati ya kumbukumbu zilizotangulia na zilizofuata, na kumbukumbu za kikao nazo nikaziweka nyuma yake. Sikuiweka mbele wala kuificha. Kaka alipokuja kuchukua majuzuu kwa ajili ya sherehe alipitisha kidole juu ya mgongo wa lile la pili, akaniuliza kama zote zimo. Nikamwambia zote zimo. Kwa kadiri nijuavyo hakuna aliyewahi kulifungua.

Nyumbani tuliendelea. Mke wangu na mimi tunaishi, tunacheka, tumemwoza binti yetu. Lakini sijawahi tena kumsomea kitu nilichoandika na kumwuliza kimekaaje.

Paroko yule alihamishwa. Aliyekuja baada yake alikuwa kijana, hakujua lolote kuhusu tangazo letu wala kura zetu, na bila mtu kuamua chochote watu wakaanza kushikana tena. Kwanza vijana, kisha familia, kisha karibu kanisa zima. Wale waliopiga kura pamoja nami walishikana. Wale kumi na wanne walishikana. Daktari mwingine akanipa dawa mpya, na ndani ya miezi saba viganja vyangu vikawa laini, vikabaki na wekundu kidogo tu ambao usingeuona bila kutafuta. Watu wakaanza kunyoosha mikono kwangu tena, wakitabasamu, kana kwamba nilikuwa safarini nimerudi.

Jumapili moja ya mwisho wa mwaka Kaka alikuja akakaa karibu nami. Shemeji hakuwepo. Alikuwa amestaafu, anatembea kwa fimbo, na fimbo hiyo aliilaza chini ya benchi kwa shida. Padre alipoinua mikono, Kaka alinigeukia kidogo, akaninyooshea mkono wake wa kulia, kiganja juu. Mabenchi ya nyuma yote yalikuwa yanaona.

Niliuona vizuri mkono ule. Niliujua kila mshipa wake. Nikakunja mikono yangu kifuani, vidole kwa vidole, macho altareni, nikasali kwa sauti kama wengine, isipokuwa nilipofika kwenye kusamehe waliotukosea, hapo nikashusha sauti mpaka nisijisikie. Mkono wake ulikaa hapo karibu sala nzima. Kisha ukashuka, ukashika ukingo wa benchi.

Baada ya misa, nje, Katekista alinikimbilia na macho yake yanang'aa.

"Fundi!" akaniambia. "Nimekuona. Wewe peke yako ndiye uliyebaki unafuata kitabu. Hata kwa kaka yako, hukuyumba."

Nikamshukuru.